Kopo la Ndugu

Mume wa Mama Birika alifia kwenye benchi la wateja, kikombe cha chai ya mkewe kikiwa mkononi, mbele ya makarani wa mahakama, mawakili na askari mmoja aliyekuwa akisubiri mkate wake upakwe siagi. Kama mtu angetaka kumtafutia mke wa marehemu kesi, asingeweza kumpangia mashahidi bora kuliko hao.

Kibanda chenyewe kiliegemea uzio wa mahakama. Kilikuwa na jiko la mkaa, mabenchi, chupa za chai na kahawa, na lile birika kubwa jeusi lililompa mwenyewe jina. Mumewe alipitia hapo kila asubuhi akitoka lindo. Usiku alilinda ghala la saruji, mchana alichomelea mageti kwenye karakana. Usingizi aliupata kwa vipande, kama mtu anayekula makombo.

Asubuhi hiyo alifika macho yamemtoka, jasho linamtiririka, mikono haitulii.

"Mbona unatetemeka hivyo, baba watoto?"

"Baridi."

"Baridi gani na jua lote hili?"

"Nipe chai, mwanamke, acha kunipeleleza. Leo nina geti la mheshimiwa. Nikilimaliza hilo, nalala mpaka unisahau."

Akacheka. Mama Birika naye akacheka, akammiminia. Mume akapiga funda, akapiga la pili, kisha akainuka ghafla na kwenda kando ya uzio kutapika, asije akachafua viatu vya watu. Aliporudi kuketi, shati lilikuwa likirukaruka kifuani kama limefungiwa kuku ndani.

"Moyo unakimbia," alisema kwa mshangao. "Mama watoto, shika huu moyo, unakimbia."

Mama Birika aliushika. Aliushika kwa viganja vyote viwili, akausikia ukienda mbio zisizohesabika, kisha mwili wote ukakakamaa, ukatupwatupwa, ukalegea. Kikombe kilikuwa bado kidoleni. Watu walipiga kelele, mmoja akakimbilia gari, mwingine akasema aachiwe hewa. Wakili mmoja, mtu mwenye tai nyekundu, alikiinua kikombe chake mwenyewe, akachungulia ndani, akakirudisha benchini polepole kama mtu anayeweka yai.

Kesi ilianzia hapo.

*

Nyumbani, shemeji yake ndiye aliyepokea watu. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa marehemu, na alijiita Profesa. Kwa kuwa cheo hicho hakumnyang'anya mtu, watu walimwachia. Alikuwa na duka la dawa za asili lenye kipaza sauti mlangoni kilichoimba toka asubuhi hadi jioni: "Simama Imara! Mizizi arobaini na moja! Haina kemikali! Unasinzia kazini? Unachoka bila sababu? Nyumbani wananung'unika? Usiende hospitali kupimwapimwa, njoo kwa Profesa!"

Sasa Profesa alisimama katikati ya sebule, suti nyeusi, kitambaa mkononi, sauti ile ile ya kipaza sauti.

"Ndugu yangu alikuwa mzima kama reli. Jana tu nilikuwa naye. Leo kafa na kikombe mkononi. Mimi simtaji mtu. Nauliza tu: kikombe kilikuwa cha nani?"

Waombolezaji wote wakaigeukia meza. Mezani palikuwa na chupa tatu za chai aliyopika Mama Birika kwa mikono yake aliporudi kutoka hospitali, akidhani kupika kutamsaidia kupumua. Hakuna aliyekuwa amezigusa. Mama mkwe, aliyekalia kiti pekee chenye mto, aliagiza aletewe maji kutoka kwa jirani.

"Ya kisima," alisema, "na kikombe chao hao hao."

Basi ukawa msiba usio na chai. Watu walikaa, wakapiga miayo, wakatazamana. Mtu anaweza kumlilia marehemu kwa koo kavu asubuhi, lakini ikifika alasiri uchungu huanza kukumbuka kwao. Mmoja alisema ameacha nguo kwenye kamba. Mwingine alisema mtoto anatoka shule. Kufikia jioni sebuleni walibaki wenye msiba na viti vya kukodi.

"Nataka sayansi!" Profesa aliiambia sebule iliyokaribia kuwa tupu. "Maiti haizikwi mpaka ipimwe. Damu ipimwe, tumbo lipimwe, kucha zipimwe. Mimi ni mtu wa sayansi."

Mtu huyo huyo alikuwa ameishi miaka mingi kwa kuwaambia watu wasiende kupimwa. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha.

"Na wapime, shemeji," Mama Birika alisema kutoka pembeni. "Hata mimi nataka kujua kilichoniulia mume."

"Msikieni," mama mkwe akasema. "Anajua kuigiza."

Kabla giza halijaingia, alikuja mtu kutoka kampuni ya ulinzi, na bahasha ya rambirambi mkononi. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema kampuni ina huzuni kubwa, marehemu alikuwa mlinzi hodari ambaye hakuwahi kukutwa amelala. Kisha akakohoa.

"Na tunaomba sare, tochi na buti."

"Buti anazo mguuni," Mama Birika alijibu. "Yuko nazo huko kwenye jokofu la hospitali."

Yule mtu alifikiri kidogo. "Basi tutazifuata zikishapimwa."

*

Mkuu wa upelelezi wa kituo alikuwa mteja wa kibanda tangu alipohamishiwa pale. Mama Birika alimwita Afande Bila Sukari, kwa kuwa ndivyo alivyoinywa chai yake, na kwa kuwa alidhani jambo hilo linamfanya aonekane mkali. Alikuja nyumbani na vijana wake asubuhi iliyofuata, akasalimia, akatoa pole, akavaa glovu.

"Mama, samahani sana. Vyombo vyako ni vielelezo."

Wakachukua birika, lililokuwa limerudishwa nyumbani pamoja na vyombo vyote vya kibandani. Wakachukua vikombe, chupa, kopo la majani, kopo la kahawa, mfuko wa sukari. Kijana mmoja akaliinua chujio kwa ncha za vidole.

"Hata chujio, afande?"

"Hata chujio, mama. Chujio ndilo linaona yote."

Mama Birika alisimama katikati ya jiko lake lililobaki na mashimo kama mdomo uliong'olewa meno. Nyuma ya mlango palining'inia begi la kazi la mumewe, lililorudishwa kutoka pale benchini na mteja mmoja mwema.

"Mmechukua vya mke," alisema. "Hilo begi la mume mbona mnaliacha?"

"Begi lina uhusiano gani na chai?"

"Sijui. Lakini aliyekufa ni yeye, si birika."

Afande alikuna kichwa chini ya kofia. Gari lilikuwa na nafasi bado. Akaashiria, kijana akalimimina begi mezani: glovu za kuchomelea, miwani myeusi, kipande cha mkate kwenye karatasi, chupa ya maji tupu, kijiko, na kopo la Simama Imara lenye picha ya Profesa akiwa amekunja mikono. Vyote vikatiwa kwenye mfuko wa vielelezo. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi uani akitazama, alisonya.

"Sasa hata mkate wa mwanangu umefanya nini?"

*

Mtu hawezi kula huzuni, na watoto wawili hawangoji upelelezi uishe. Mama Birika aliazima birika dogo kwa dada yake, akarudi kibandani.

Benchi lilikaa tupu. Makarani waliokuwa wakimwita mama tangu walipoajiriwa sasa walivuka barabara wakijifanya wanazungumza na simu. Ng'ambo kulikuwa na mtu aliyeuza chai ya maji yaliyotekwa kwenye mtaro wa pembeni, na foleni yake ilifika kwenye kona. Walipendelea kuharisha kwa uhakika kuliko kufa kwa wasiwasi.

Wakili wa tai nyekundu peke yake ndiye aliyekuja karibu.

"Mama, sitaki ufikiri kwamba nami naamini hayo maneno."

"Asante, baba. Nikumiminie?"

"Hapana, hapana! Yaani... Unajua, nina mke na watoto."

"Na mimi nilikuwa na mume."

Wakili aliitazama saa yake, akasema amechelewa, akaenda zake.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko Mama Birika alitakiwa kwenda kituoni kuripoti. Alikaa kwenye benchi refu la mapokezi, akaweka sahihi, akaambiwa aje kesho. Hapo ndipo alipokuwa siku majibu ya kwanza yalipofika. Profesa naye alikuwa kaunta, mama yake pembeni.

"Hakuna sumu ya panya," Afande Bila Sukari alisoma kwa sauti ya mtu aliyepunjwa. "Hakuna dawa ya wadudu. Hakuna pombe."

"Haiwezekani!" Profesa alipiga kaunta. "Rudieni! Mmepima vitu vya kawaida. Huyu mwanamke si wa kawaida. Mwambieni mkemia atafute kila kitu, hata ambacho hajawahi kukisikia!"

"Mkemia amesema anarudia, mzee. Anapima kwa mashine nyingine, ile inayotenganisha."

"Vizuri." Profesa akashusha sauti, akatoa mfukoni pakiti kadhaa zinazong'aa, kila moja na picha yake. "Na hizi mpelekeeni. Dawa yangu hii. Aipime, kisha aniandikie kwamba imepita kwenye maabara ya serikali. Na muhuri. Washindani wangu wananisema vibaya."

"Mzee, hapa ni mauaji."

"Si mashine iko tayari imewashwa?"

Askari wa zamu alizipokea. Akapunguza moja njiani, akaitia mfukoni mwa suruali.

Mama Birika alimtazama shemeji yake akijipangusa vumbi kwenye bega. Kwa nyuma, namna shingo ilivyoshikana na mabega, alikuwa mumewe mtupu. Ikabidi atazame ukutani.

*

Waliitwa wote siku moja, ofisini kwa Afande. Mama Birika hakupewa kiti. Mezani palikuwa na taarifa ya mkemia, kalamu, na kikombe cha chai kilichokuwa kikifuka moshi.

"Imepatikana," Afande alisema. "Damu ya marehemu imejaa kafeini."

"Ndiyo nini hiyo?" mama mkwe akauliza.

"Ni kitu kinachoamsha watu, mama. Kikizidi, kinaua. Hukaa ndani ya chai na kahawa." Akamgeukia mtuhumiwa wake. "Mama Birika, wewe unauza nini?"

"Chai, afande."

"Na nini?"

"Na kahawa."

"Umejibu mwenyewe."

Mama mkwe alianza kulia. Profesa alimshika bega, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekuwa akijua siku zote.

"Afande," Mama Birika alisema, "wewe umekunywa chai yangu kila siku tangu umekuja hapa."

Afande Bila Sukari alifungua mdomo. Mkono wake ukapanda wenyewe hadi kifuani, ukatulia hapo, ukasikiliza. Kisha akakisogeza kile kikombe cha mezani hadi ukingoni kabisa, kwa kidole kimoja, na kuanza kuandika hati ya mashtaka.

Alikuwa bado kwenye mstari wa kwanza mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke mwembamba, koti jeupe lenye doa la kahawia kwenye mfuko, faili kwapani, na chupa ya kahawa mkononi. Alikuwa mkemia mwenyewe. Alionekana mtu aliyekosa usingizi na subira kwa pamoja.

"Nimesikia kuna mtu anafungwa kwa taarifa yangu," alisema. "Afande, uliisoma mpaka ukurasa wa pili?"

"Niliona jibu ukurasa wa kwanza."

"Ukurasa wa kwanza una jina la kitu. Wa pili ndio una kiasi." Akajimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake, akainywa huku watu wote chumbani wakimkodolea macho kama anayemeza wembe. "Hii ina kafeini. Mnaniona ninakufa? Angalieni. Damu tuliitoa pajani, maana ya karibu na moyo hubadilika mtu akishakufa, ikakudanganya. Ya pajani ilikuwa na kafeini ambayo ili uipate kwa chai ya huyu mama, ungekunywa pipa zima kwa mkupuo. Tumboni tulikuta chai isiyojaa hata nusu kikombe."

"Basi alikunywa wapi hilo pipa?"

"Hakunywa pipa. Tumboni kulikuwa pia na unga mweupe mchungu, mwingine haujayeyuka. Aliulamba au aliukoroga kwenye maji, muda si mrefu kabla ya kufika kibandani. Ndani ya birika na vikombe hamna huo unga. Hata kwenye chujio, ambalo mmeniletea sijui kwa nini."

Mama Birika alikivuta kile kikombe cha mezani kutoka ukingoni.

"Na dawa yangu?" Profesa akaingilia. Alikuwa amekaa wima, mikono amekunja kama pichani. "Ilipita?"

Mkemia alifungua faili. "Wewe ndiye wa pakiti? Mzee, pakiti zako ni muhogo."

"Unasemaje?"

"Unga wa muhogo uliokaangwa. Gome la mti kidogo, kwa ajili ya rangi. Na kafeini iliyonyunyizwa kama chumvi ya mgonjwa. Mtu akila pakiti nzima atapata nguvu sawa na kikombe kimoja cha huyu mama, ila kwa bei mara kumi."

Mlangoni, askari wa zamu aliguna. "Mbona mimi ilinisimamisha imara?"

"Hiyo ni imani yako, kijana."

Ofisi nzima ikacheka. Hata Afande alicheka, akajifanya anakohoa. Profesa alikuwa ameiva uso. Kitambaa kilimtoka mkononi.

"Lakini lile kopo," mkemia akaendelea, na kicheko kikakatika, "lile lililotoka kwenye begi la marehemu, ni habari nyingine. Nje lina picha hiyo hiyo. Ndani ni kafeini tupu, haina muhogo wala gome. Vijiko viwili vya hiyo humuua mtu yeyote. Nadhani kuna mtu alibadilisha yaliyomo."

Afande aliinuka nusu. Kalamu ilimwelekea Mama Birika kama kidole.

"Nani anaishi na begi hilo? Nani angeweza kumwaga dawa na kutia kitu kingine?"

"Si nilisema!" Mama mkwe akasimama. "Kamwaga dawa ya kaka yake, kamtilia takataka! Maskini mwanangu akadhani anakunywa dawa ya ndugu, kumbe takataka!"

Hapo Profesa angeweza kunyamaza. Mama Birika aliyafikiria hayo baadaye, mara nyingi, akikoroga chai: kwamba ungepita ukimya mdogo tu, wa mtu kumeza mate, na yeye angelala gerezani, na Profesa angerudi kwenye kipaza sauti chake. Lakini Profesa alikuwa ameshatukanwa mara moja asubuhi ile mbele za watu, na tusi la pili lilimshinda.

"Takataka gani, Mama?" alisema. "Takataka gani? Ile ndiyo yenyewe!"

Watu wakamgeukia.

"Hizo pakiti ni biashara, sawa, watu baki nawachanganyia muhogo, nani hachanganyi? Wewe afande, mafuta ya gari lako hayachanganywi? Lakini ndugu yangu! Tumbo moja tumetoka! Alikuja dukani siku moja kabla, akasema, kaka, ile ya siku zote hainifikii tena, nasinzia na moto mkononi. Ningempa muhogo? Nikafungua gunia nyuma, nikamjazia kiini chenyewe. Bila punje ya muhogo! Nikamwambia hiki hakiuzwi, hiki ni cha ndugu. Sikumtoza hata..."

Akaishia hapo. Macho yake yalikuwa yamefika mahali ambapo ulimi wake ulikuwa bado haujafika.

"Ulimwambia apunguze?" mkemia akauliza, taratibu.

Profesa alimtazama kama mtoto aliyeulizwa swali ambalo darasa zima linajua jibu lake.

"Nilimwambia vijiko viwili," alisema. "Kama kawaida."

Akakaa. Kiti hakikuwa pale, akakaa sakafuni, suti nyeusi na yote. Hakuna aliyecheka safari hii. Mlangoni, askari wa zamu alijipapasa mfuko wa suruali, akaitoa nusu iliyobaki ya ile pakiti aliyoipunguza, akawa hajui aitupe wapi.

Mama Birika alikuwa amengoja siku ya kumwona shemeji yake ameanguka. Alikuwa ameipangia hata maneno. Sasa alimwona pale chini, shingo ile ya mumewe imeinama, na maneno yote yalimkimbia. Wateja wa Profesa waliolaghaiwa walikuwa hai wote, wanatembea, wanasifu mizizi arobaini na moja. Mtu mmoja tu aliyependwa, akapewa cha kweli, ndiye aliyekuwa kwenye jokofu.

*

Walimzika baada ya hapo, kwa haraka na watu wachache. Profesa aliletwa na pingu, akasimama mbali kati ya askari wawili, akarudishwa. Alishtakiwa kwa kusababisha kifo na kwa kuuza muhogo kwa jina la mizizi. Duka lilitiwa kufuli. Aliyemuuzia lile gunia walimfuata eneo la viwanda, wakakuta chumba kimefagiliwa na kibao kimeng'olewa, na upelelezi juu yake unaendelea, maana yake umekwisha.

Mama mkwe alikaa siku ile kwenye kiti chake cha mto mpaka watu wakaondoka. Mama Birika alikuwa akikunja mikeka.

"Begi," mama mkwe alisema.

"Naam, Mama?"

"Nani aliwaambia wachukue begi?"

"Ni mimi."

"Lingebaki pale nyuma ya mlango, leo ningekuwa na mwana mmoja."

Mama Birika aliuweka mkeka chini. "Na mimi ningekuwa wapi, Mama?"

"Ungekuwa huko. Miaka inapita. Wewe ungeweza, wewe umezoea shida." Bibi alisema hivyo bila hasira, kama anayepanga nani alale chumba gani. "Yeye hajui hata kufua soksi."

Kulikuwa na mengi ya kujibu. Mama Birika aliyatafuta, akayapata, akayapima. Kisha akamtazama yule mama mzee ambaye mwanawe mmoja alikuwa udongoni na mwingine rumande, na wote wawili walifikishwa huko na kopo moja, akaona hakuna neno litakaloongeza au kupunguza kitu.

"Nguo zake alizofungiwa nazo zitakuwa chafu," alisema. "Kesho nitampelekea nyingine. Wewe pumzika."

Bibi hakushukuru. Aligeuza uso ukutani, na mabega yakaanza kumtikisika.

*

Afande Bila Sukari alilirudisha birika kwa mikono yake mwenyewe, likiwa na karatasi ya namba iliyogandishwa kwa gundi isiyotoka. Chujio lilibaki, mahakama ilikuwa bado inalihitaji, alisema, ingawa hakuweza kueleza kwa nini. Kisha akaketi benchini, akaomba kikombe.

"Bila sukari, afande?"

"Tia kidogo leo," alisema bila kumtazama. "Vijiko... Tia tu."

Makarani wakarudi kuvuka barabara. Hakuna aliyesema samahani. Walisema tu chai ya ng'ambo imepanda bei. Wakili wa tai nyekundu alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo alijua, na kama mama angemwomba amtetee asingesita. Mama Birika aliwamiminia wote. Watoto walihitaji shule na viatu, na viatu havinunuliwi kwa kinyongo.

Kibanda kilikuwa kimejaa aliposimama mtu mgeni, shati la pasi kali, funguo za gari mkononi. Alingoja wengine wasogee, akainama juu ya jiko.

"Mama, pole na msiba. Nimesoma gazetini."

"Asante, baba."

"Mimi nina mabasi. Ya safari ndefu. Madereva wangu wananisinzilia, mama, nimejaribu kila kitu. Nimenunua hiyo Simama Imara ya pakiti, haisaidii."

"Ile ni muhogo."

"Ndivyo gazeti lilivyosema! Lakini limesema pia kulikuwa na ile nyingine. Ya kopo. Ile serikali yenyewe imepima ikasema ni ya kweli." Akashusha sauti zaidi. "Shemeji yako hakubakisha popote? Nyumbani, chini ya kitanda? Nitakupa bei nzuri. Wewe ni mjane, najua hali."

Mama Birika aliacha kukoroga.

"Unajua ilifanya nini hiyo ya kopo?"

"Najua, mama. Inaonyesha ina nguvu."

"Si uwaache walale?"

"Nani, madereva?" Yule mtu alicheka kwa upole, kama aliyeulizwa na mtoto. "Mama, hiyo ni biashara. Wakilala, basi litaendeshwa na nani?"

"Unataka kiasi gani?"

Uso wa yule mtu ukang'aa. "Hata kilo tano nabeba."

"Ngoja." Mama Birika alijifuta mikono, akaupandisha uso juu ya uzio kuelekea baraza ya mahakama, ambako Afande Bila Sukari alikuwa anamalizia mkate wake, akaita kwa sauti iliyozisimamisha kesi ndani ya mahakama: "Afande! Njoo, kuna mteja wa shemeji! Anataka kilo tano!"

Mtu wa mabasi aliruka benchi. Aliruka na mtaro. Kiatu kimoja kilibaki, akakirudia, akaondoka nacho kwapani, na gari lake likasikika likiwaka kabla mlango haujafungwa. Afande alifika anahema, makombo kwenye masharubu.

"Yuko wapi?"

"Kaenda. Lakini mbio alizotoka nazo, huyo halali mwezi mzima. Awape madereva wake hizo."

Kibanda kikapasuka kwa kicheko. Mama Birika mwenyewe alicheka hadi akashika tumbo, kicheko cha kwanza tangu siku ile, na katikati yake aligeukia mwisho wa benchi ili amwambie mumewe, maana vichekesho vyote vya kibandani alimwambia yeye kwanza.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi karani mgeni wa masijala, kijana mpole, kikombe kitupu mkononi. Alimwona mama amemkodolea macho, akadhani ameulizwa kitu.

"Naam, mama?"

Mama Birika aliuvuta mfuko wa sukari karibu.

"Sukari," alisema. "Nimekuuliza, unatumia sukari?"